Barua ya wazi kwa wauza kebo wa Kisangani

Mangobo, Kisangani

Kwa wafanyabiashara wa vyombo vya umeme wa Makiso, na kwa wenye vyumba vya play na video wa komini ya Mangobo

Ndugu zangu, papa na mama zangu mlio kwenye kaunta,

Mimi ni fundi wa televisheni hapa Mangobo. Wengi wenu mnanijua kwa sura, maana nikipungukiwa kapasita nakuja kwenu, na wateja wenu wakikosa picha wanakuja kwangu. Tunakula sahani moja, kwa hiyo msinione kama mtu anayetaka kumwaga chakula cha mwenzake. Ninawaandikia kwa sababu ya kebo moja ambayo wakati huu imening'inia msumarini, juu ya meza yangu ya kazi.

Ilikuja na kijana mwenye chumba cha play. Kijana huyu nimemwona akikua: alianza na PS2 moja na televisheni ya kichogo, akapanda hadi PS3, kisha PS4 mbili. Akajinyima, akanunua PS5 ya mkono wa pili iliyopitia Dubai na Butembo, pamoja na televisheni ya inchi 55. Mashine ilifika imeviringishwa kwenye nguo kuukuu, bila boksi, bila kebo yake. Akapanda pikipiki hadi mjini, akaulizia kebo ya PS5. Akapewa kitu kinene kama mchi wa kutwangia lituma, vichwa vya rangi ya dhahabu, ubavuni kimeandikwa 2.1 na 8K. Alilipa bei ya kebo tano za kawaida. Hakunung'unika, alidhani mashine kubwa ina gharama zake.

Usiku wa kwanza chumba kimejaa, faranga ziko mezani, mtu anajiandaa kupiga penalti. Kioo kikawa cheusi. Sekunde mbili tu, kisha picha ikarudi, kipa amelala upande wa kushoto na mpira uko wavuni. Aliyefungwa akasema hakuona. Aliyefunga akasema hilo halimhusu. Mwenye chumba akarudisha pesa kwa wote wawili. Dakika kumi baadaye giza likarudi, na baada ya wiki moja wateja walikuwa wamehamia kwa jirani mwenye PS3 isiyozima.

Kijana alinijia na PS5 yake ndani ya mfuko wa unga, amekwisha kujihukumu: tundu la HDMI limekufa, fundi ling'oe uweke jingine. Angekutana na fundi mwenye njaa kuliko mimi, tundu zima lingeng'olewa, na pesa ingelipwa. Mimi niliwasha mashine, nikaingia kwenye mipangilio ya kioo na video, nikatafuta mahali palipoandikwa kiwango cha kupeleka picha ya 4K. Hapo pana machaguo matatu: otomatiki, kutoa 1, na kutoa 2. Nikaweka kutoa 2. Tukacheza mechi nzima, giza halikuja. Nikarudisha otomatiki, likaja kabla ya mapumziko. Mashine ilikuwa nzima, televisheni nzima, ila kebo ilikuwa inabebeshwa mzigo usiokuwa wake.

Kwa ruhusa ya mwenyewe nilipasua kichwa kimoja. Unene wote ule ulikuwa plastiki. Ndani mlikuwa na nyuzi nyembamba kama nywele, na ile karatasi ya alumini inayopaswa kuvishwa kila jozi ya nyuzi haikuwepo. Yale mafundo mawili makubwa yaliyokaa karibu na vichwa, ambayo mnawaambia watu kuwa yanasafisha picha, nilipoyafungua yalikuwa matupu kama nazi iliyoliwa na panya.

Sitalitaja duka. Naamini hata mwenye duka hakujua, maana aliuza alichoandikiwa na mwingine kule mbali. Hapo ndipo shida yetu inapoanzia, na ndiyo sababu barua hii ni ya wote.

Tulikotoka, mambo yalionekana kwa macho. Waya wa AV ulikuwa na vichwa vitatu, njano picha, nyekundu na nyeupe sauti. Waya mbovu ulijitangaza wenyewe: picha ilipauka, kivuli kikamfuata mchezaji, sauti ikavuma. Waya mnene na mzuri kweli ulileta picha nzuri zaidi. Mazoea hayo tumeyabeba mzima mzima tukayaleta kwenye HDMI, na hayafai huku. Picha ya HDMI inasafiri kama hesabu, moja na sifuri. Hesabu ikifika, picha inakuwa ile ile, iwe kebo ya dola 3 au ya dola 30. Isipofika, unaona chembe nyeupe zinazomeremeta, au mistari, au giza la sekunde mbili, au huoni kitu kabisa. Hakuna kebo ya HDMI inayong'arisha rangi nyekundu. Muuzaji akimwambia mteja kwamba dhahabu inatia picha uhai, anauza maneno. Dhahabu inazuia kutu kwenye vichwa, basi, na kwa unyevu wetu huu wa kando ya mto hiyo nayo ni faida, lakini ni faida ya kutu.

Kitu kinachobadilika ni wingi wa hesabu. Kiwango cha kwanza kilitoka Desemba 2002, kazi ya makampuni saba, Sony, Philips na Toshiba yakiwemo. Kilibeba gigabiti karibu 5 kwa sekunde. Mwaka 2006 toleo la 1.3 likafika gigabiti 10.2. Mwaka 2013 likaja 2.0 lenye 18, na mwisho wa 2017 likaja 2.1 lenye 48. Mwaka 2025 limetolewa 2.2 lenye 96, na wakati huo huo kundi la makampuni ya China likatangaza kiwango chao wenyewe kiitwacho GPMI. Nayo yatafika kwenye kaunta zenu, na nina hofu kwamba maandishi yatafika mapema kuliko kebo.

Na kichwa ni kile kile. Pini 19, umbo lile lile, tundu lile lile. Kebo ya mwaka 2006 inaingia kwenye televisheni ya leo bila kulazimishwa. Ndiyo maana jicho halisaidii. Tofauti iko ndani: kebo ina jozi nne za nyuzi za kazi kubwa. Zamani jozi tatu zilibeba picha na ya nne ilipiga saa, yaani iliwapa wengine mwendo, kama mpiga ngoma kwenye mtumbwi wa wapiga kasia. Toleo la 2.1 lilimwambia mpiga ngoma naye ashike kasia. Jozi zote nne zikabeba, kila moja gigabiti 12, ukizidisha unapata 48. Katika 2.2 kila jozi inabeba 24. Kwa mwendo huo, waya mwembamba usiovishwa alumini unaanza kusikia kelele za jirani yake, hesabu zinachanganyika, na mashine inakata picha ili ianze upya. Zile ndizo sekunde mbili za kijana wetu.

Sasa pigeni hesabu ya wateja wenu. Picha ya 1080 ina pikseli milioni 2 na kidogo. Ya 4K ina milioni 8 na laki karibu tatu, mara nne kamili. Dekoda au PS4 ya kawaida ikipeleka picha ya 1080 mara 60 kwa sekunde inatumia gigabiti 4 na nusu. Nne na nusu! Kebo yoyote ya kawaida iliyotengenezwa kwa uaminifu inaubeba mzigo huo huku inapiga mluzi. PS3 vivyo hivyo. Na zile televisheni za inchi 32 zilizojaa nyumba za Mangobo, nyingi kioo chake kina pikseli milioni 1 tu. Kumuuzia mwenye dekoda na inchi 32 kebo ya 8K ni sawa na kumwambia mama anayevuka kwenda Lubunga na kapu lake la mihogo kwamba pirogi haimfai, akodi baleinieri ya kwenda Kinshasa. Atavuka, ndiyo. Lakini mmemla.

Anayehitaji kebo kubwa kweli ni mmoja kati ya wengi: mwenye PS5 au Xbox mpya, na televisheni inayopokea 4K mara 120 kwa sekunde. Mzigo huo unapita 18. Mtu huyo ni adimu hapa kwetu, lakini yupo, na safari hii ndiye aliyeuziwa plastiki. Wasiohitaji wanalipishwa kebo kubwa, na anayeihitaji hapewi iliyo kubwa kweli. Nimekaa na jambo hili usiku na mchana nikashindwa kuona nani anafaidika, isipokuwa mtu mmoja mwenye mashine ya kuchapa maandishi huko Shenzhen.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wenu hamkuambiwa. Wenye kiwango wenyewe wamekataza namba za toleo kuandikwa kwenye kebo. Namba 1.4, 2.0, 2.1 ni za mashine. Kebo hutajwa kwa mwendo wake, kwa maneno yanayochapwa juu yake: High Speed inatosha hadi gigabiti 10, Premium High Speed hadi 18, Ultra High Speed hadi 48, na sasa Ultra96 kwa ile mpya. Kwa hiyo kebo iliyoandikwa 2.1 kwa herufi kubwa na isiyo na neno Ultra High Speed popote, tayari imejishtaki. Ile ya kweli ina maneno hayo kwenye ngozi ya kebo yenyewe, na kwenye boksi ina kibandiko chenye alama ya mraba ya kusomwa kwa simu. Programu yake inapatikana bure, unasoma kibandiko, inakujibu kama kebo imepimwa au la. Kila mmoja wenu ana simu kwenye kaunta. Siku mzigo ukifika, fungueni boksi moja mlisome kabla hamjapanga bei. Vibandiko vya bandia navyo vipo, najua, lakini tuanze na hapo.

Namba kwenye televisheni nayo isiwadanganye. Sheria za kiwango zimeruhusu mtengenezaji kuandika 2.1 hata kama televisheni yake haifiki mara 120. Halafu katika matundu matatu au manne ya nyuma, mara nyingi ni moja au mawili tu yenye uwezo wote, na mara nyingine hata hilo limefungwa kwenye mipangilio mpaka mwenyewe alifungue. Kila kampuni imeuita mpangilio huo jina lake. Nimeshapokea watu watatu waliotaka kununua kebo nyingine, nikawahamisha tundu tu, wakarudi nyumbani.

Ninyi wenye vyumba vya video, msidhani mmesalimika. Kwenu ugonjwa ni urefu.

Mnaukumbuka usiku wa 7 Februari 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika, timu yetu ya taifa, Leopards, na Côte d'Ivoire kule Abidjan. Mechi ilianza saa nne usiku kwa saa zetu. Niliitwa kwenye chumba kimoja nusu saa kabla. Mwenye chumba alikuwa ameweka dekoda ndani kwake kwa kuogopa wezi, akavuta kebo ya mita 15 kupitia dirishani hadi ukutani kwenye televisheni, na katikati ameunga kebo mbili kwa kiungo kilichofungwa nailoni. Mchana alikuwa na picha. Usiku, ralonji za watu, friji ya vinywaji na jenereta vilipowaka, kioo chote kikajaa chembe nyeupe, kama mvua ya mchwa kwenye taa. Watu zaidi ya mia wamekaa, wamelipa. Timu zikapanga mstari. Ule ndio wakati ambao wachezaji wetu, wimbo wa taifa ukipigwa, waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole vya mkono wa pili kichwani kama bastola, kwa ajili ya ndugu zetu wa Mashariki wanaouawa dunia ikinyamaza. Dunia nzima iliona. Sisi wa chumba kile, watu wa Mashariki hao hao, tuliona chembe.

Sikuwa na kebo nyingine. Nilikimbia ndani kwenye dekoda, nikatoka 1080p nikaweka 1080i. Ni herufi moja tu, lakini mzigo unashuka nusu, kwa sababu kila mara unapelekwa nusu ya mistari ya picha badala ya yote. Nikakirukia kiungo kile cha katikati nikakikaza. Niliporudi ukumbini mpira ulikuwa umeshaanza na picha imetulia kama maji ya mtungini. Haller wao alipotufunga dakika ya 65, tulimwona vizuri kupita kiasi.

Kwa hiyo, wenye vyumba: kebo ya shaba ya mwendo mkubwa haipendi kupita mita 3 au 5. Kwa dekoda ya 1080 unaweza kufika mita 10 kwa kebo nene ya kweli, bila kiungo. Zaidi ya hapo, lete dekoda karibu na kioo uifungie kwenye sanduku la chuma lenye matundu ya hewa, ni rahisi kuliko kebo. Zipo pia kebo za nyuzi za kioo zinazopeleka mwanga, zinafika mita 30 na zaidi, lakini zina mwelekeo: upande mmoja ni wa mashine, mwingine wa televisheni. Ukizigeuza hupati kitu, na utadhani umeibiwa. Muuzaji, ukiiuza hiyo, mwonyeshe mteja upande, tafadhali.

Niruhusuni nitoke kidogo kwenye mwendo nije kwenye kifo, maana hicho ndicho kinachonilisha na sikipendi. Matundu mengi ya HDMI yanayofika kibandani kwangu yameuawa na umeme. Nyumba zetu nyingi hazina waya wa ardhi. Shika kichwa cha chuma cha HDMI cha dekoda iliyowashwa, miguu mitupu kwenye sakafu ya sementi: kinakutekenya. Kile kinachokutekenya wewe, wakati unachomeka kebo, kinatafuta njia kupitia pini ambazo zimezoea volti chache tu. Mara tisa kinapita bila madhara, ya kumi kinaondoka na tundu. Wateja hawajui. Waambieni, haigharimu kitu: zima vyote viwili, chomoa ukutani, chomeka HDMI kwanza, kisha ndipo rudisha umeme.

Na mvua zetu mnazijua. Radi ikipiga jirani, inashuka kwenye waya wa dishi, inaingia dekoda, na kutoka hapo inavuka kwa kebo ya HDMI hadi televisheni. Mtu anakuja amechukia: papa, nilizima kila kitu! Ndiyo, ulichomoa ukutani, ila dishi liliendelea kushika mkia wa dekoda, na dekoda mkia wa televisheni. Wingu likianza kuwa jeusi upande wa mto, chomoa na dishi.

Neno fupi kuhusu simu. Kila Jumamosi napata kijana mwenye kebo ya kutoa picha kwenye simu kwenda televisheni, ile yenye kichwa kidogo cha USB-C upande mmoja na HDMI upande wa pili. Simu yake inakataa. Simu nyingi za bei ya chini, ambazo ndizo tulizo nazo, hazitoi picha kwenye tundu lile. Limetengenezwa kwa chaji na mafaili tu. Kebo haina kosa na simu haina kosa. Kosa ni kwamba hakuna aliyesema: lete simu yako tuijaribu hapa.

Nimewaza pia kuwaandikia wa Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC. Ipo tangu 1974 na kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Lakini nikafikiria safari ya kebo yenyewe. Inatoka China kwa meli hadi Mombasa, inapita Uganda, inavuka Kasindi, inalala Butembo, inagawanywa, kisha inakuja kwetu kwa barabara ya taifa namba 4, Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, kwenye lori moja na viatu, sabuni na vitenge. Au inashuka Matadi, inafika Kinshasa, na kupanda mto zaidi ya kilomita 1,700. Nani atafungua kichwa cha kila kebo kwenye fungu la mia tano? Mtu wa mwisho anayeweza kuijaribu kabla pesa ya mwananchi haijatoka mfukoni ni wewe uliyesimama kwenye kaunta.

Na sheria iko upande wa mnunuzi, msidhani ni huruma yangu tu. Dikrii ya mikataba ya 30 Julai 1888, ya enzi za Leopold, bado ndiyo inayotawala mauziano yetu, na inamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro iliyofichika ndani ya kitu alichouza. Yale maandishi mnayobandika ukutani, kwamba kilichouzwa hakirudi, mimi nayaelewa kuwa ni ya kitu ambacho mteja angeweza kukiona. Hakuna mteja anayeona ndani ya kebo.

Ninachowaomba hakizidi nguvu zenu. Mteja akisema nataka kebo ya HDMI, usinyooshe mkono ukutani. Muulize inatoka kwenye mashine gani, inakwenda kwenye televisheni gani, na ni mita ngapi kati yao. Kwa majibu hayo matatu utajua kama anahitaji ya dola 3 au ile nyingine. Wekeni televisheni moja dukani, hata ya zamani, kebo ijaribiwe mbele ya mteja. Zile kubwa za PS5 haziwezi kujaribiwa kwa televisheni ndogo, kwa hiyo hizo muuze kwa ahadi: siku tatu, ikizima picha irudi, upewe nyingine au pesa. Ikibidi niandikieni mimi karatasi ya kupima, nitapima bure kwa yeyote mtakayemtuma, kwa miezi mitatu ya mwanzo. Na zile zilizoandikwa 2.1 na 8K ambazo hamna uhakika nazo, msizitupe. Nyingi zinafaa kabisa kwa dekoda na PS4. Ziuzeni kwa bei ya dekoda na PS4.

Wenye vyumba vya play, nanyi mkikutana na giza la sekunde mbili, msikimbilie kung'oa tundu. Badilisheni kebo kwa ile ya jirani inayofanya kazi, kwa dakika tano tu. Mtakuwa mmeokoa mashine na wateja.

Yule kijana amepata kebo nyingine, ya mita 2, iliyokuja na PS5 ya mtu mwingine. Wateja wake wamerudi, si wote. Kebo ya kwanza bado iko kwangu msumarini, imepasuliwa kichwa kimoja, kingine kizima na dhahabu yake. Mwenye duka akiitaka, anajua kibanda changu kilipo. Aje na pesa ya kijana, nami nitamwonyesha ndani mna nini.

Ndugu yenu,
Fundi wa televisheni, Mangobo